Naombeni ushauri: nilipie dhamana ya nyongeza ya PS5 au niachane nayo?

Pedi_Moja:
Wakuu, habari za muda huu.

Nimedunduliza karibu mwaka mzima na sasa hela ya PS5, mashine ya gemu ya Sony, imetimia. Mashine nimeshaichagua, hilo halina mjadala. Kilichonikwamisha ni kaunta. Nikiwa nimeshatoa pochi, muuzaji akauliza, "Na dhamana ya nyongeza unachukua?" Ya kiwandani ni mwaka 1, yeye anauza ya kuifikisha miaka 3. Nikamuuliza inahusu nini. "Inahusu kila kitu." Kila kitu kama nini? Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, maandishi madogo kama sisimizi, akageukia mteja mwingine. Nikaaga, nikasema nitarudi kesho.

Mimi ni mchezaji wa jioni, wikiendi ndiyo nakesha. Nakaa na mdogo wangu wa miaka 9 ambaye akifungwa goli, pedi ya kuchezea inaruka. Halafu mashine yangu ya zamani ilikufa mwezi wa 14, miezi miwili tu baada ya dhamana kuisha, kwa hiyo nina kidonda. Ila hela wanayotaka si ndogo, inatosha pedi ya pili.

Mliowahi kulipia, mlifaidika au mlimchangia muuzaji tu? Nawasilisha.

Baba_Lag:
Achana nayo.

Pedi_Moja:
Mkuu, sababu basi.

Baba_Lag:
Sababu amekupa mwenyewe. Nusu saa nzima anakusifia mashine kwamba ni chuma. Ukishakubali kununua, anakugeuzia maneno, anakuuzia woga kwamba itaharibika. Katika hayo mawili kuna moja ambalo haliamini, na kwenye moja kati ya hayo analipwa kamisheni nzuri zaidi. Piga hesabu.

FundiSolda:
Hapa mmegusa kazi yangu. Natengeneza mashine za gemu, kwa hiyo mimi nitakwambia kinacholetwa mezani, wewe ukalinganishe na hiyo karatasi.

Kinachoongoza ni tundu la HDMI, la waya unaopeleka picha kwenye TV. Mtu yuko nyuma ya TV gizani, anachomeka waya kwa kupapasa, haujakaa sawa, anasukuma. Au mtoto anapita na kukanyaga waya, mashine inavutwa. Ukimulika tochi ndani ya tundu unaona pini moja imelala juu ya mwenzake kama jino lililopinda. Mashine ni nzima kabisa, ila picha hakuna. Peleka hiyo kwenye dhamana uone: wataandika "uharibifu wa nje" na kukurudishia ilivyo.

Cha pili ni vumbi. Feni inapiga kelele, mashine inachemka, inajizima katikati ya mechi. Hiyo wanaiita matunzo, si kasoro. Cha tatu ni umeme uliopanda ghafla. Cha nne msicheke: mende. Ndani ya mashine kuna joto na giza, wanahamia kwenye pawasaplai, yaani sehemu inayoipa mashine umeme, wanazaliana, siku moja mmoja anagusa pasipostahili na vyote viwili vinakufa. Karatasi nyingi zina kipengele cha wadudu, na hakipo pale kukusaidia.

Halafu kuna pedi. Ile hali ya mchezaji wa kwenye skrini kutembea mwenyewe hujagusa kitu: ndani ya kijiti kuna utando wa kaboni na kiguso kinachousugua kila ukisukuma, na kaboni inalika. Ni uchakavu wa kawaida. Zipo pedi za sensa za sumaku ambazo hazina kitu cha kusuguana, hizo zinadumu zaidi upande huo. Usidhani pia pedi ina dhamana sawa na mashine. Kwa Xbox ya Microsoft, mfano, mashine inapewa mwaka 1 lakini pedi siku 90.

Ukitoa hayo yote, kinachobaki ni kasoro ya kweli ya kiwandani: chipu, pawasaplai iliyojifia bila sababu, kisoma diski. Na kasoro ya kiwandani haina subira. Mara nyingi inajionyesha wiki au miezi ya mwanzo, dhamana ya bure ikiwa bado hai. Uzee nao unakuja miaka kadhaa mbele, ya kulipia ikiwa imeshakwisha. Katikati hapo ndipo penye utulivu, na ndipo unapouziwa. Ni mwavuli wa kiangazi.

Da_Zuu:
Fundi unaongea vizuri ila mimi mvua ya kiangazi ilininyeshea.

Nililipia. Mwezi wa 20 kisoma diski kikaanza kutema diski, ukiirudisha inaitema, hata ukiisukuma taratibu kama unambembeleza mtoto kula dawa. Nikapeleka. Wakataka risiti. Nafungua droo, risiti ni ile karatasi laini inayochapwa kwa joto, imefutika yote, nyeupe pee! Kilichoniokoa ni kwamba siku ya kununua niliipiga picha na kujitumia kwa barua pepe.

Nilisubiri wiki 7. Nikapewa mashine nyingine, si mpya, ya kukarabatiwa, na mkwaruzo ubavuni ambao sikuuweka mimi. Na dhamana ikafia hapohapo, kwamba "imeshatumika". Bado nasema ilinilipa, maana mashine nyingine nisingeweza kununua mwaka ule. Kwa hiyo mnaosema ni wizi, semeni taratibu.

Pedi_Moja:
Dada pole. Na gemu ulizosevu?

Da_Zuu:
Zilikwenda na mashine. Saa karibu mia za gemu moja. Hilo linaniuma kuliko wiki 7.

FundiSolda:
Mleta uzi, hapo pazingatie. Kwenye PS5, sevu za gemu za PS5 zenyewe hazitoki kwenda kwenye flashi. Zinapanda mtandaoni tu, na lazima uwe umelipia PlayStation Plus, huduma ya Sony ya kulipia. Za gemu za PS4 unazochezea humo ndizo unaweza kuzihamishia kwenye flashi. Dhamana itakurudishia plastiki na chipu, jasho lako halimo.

Mzee_Kaseti:
Mdogo wangu, sisi wa enzi za Xbox 360 tulilala macho wazi. Ilitoka 2005, na baada ya muda watu wakaanza kuziona zile taa tatu nyekundu. Taa zikiwaka, umekwisha. Julai 2007 Microsoft wakakubali wenyewe, wakarefusha dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3 kwa kila mtu, wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili yake, na waliokuwa wameshalipia matengenezo ya tatizo lile wakarudishiwa hela zao. Kwa hiyo aliyekuwa amenunua dhamana ya nyongeza na asiyenunua wakajikuta foleni moja.

Juzijuzi tena, Nintendo na vijiti vya Joy-Con, pedi za mashine yao ya Switch, vilivyokuwa vinamtembeza mchezaji vyenyewe. Kelele zilipozidi, rais wao aliomba radhi hadharani mwaka 2020.

Sisemi utegemee huruma ya mtengenezaji, maana aliyeharibikiwa kabla ya kelele alisota. Ila mashine ikiwa na ugonjwa wa kuzaliwa, wanaougua ni wengi na hawanyamazi. Risiti tunza tu, hata miaka ikipita.

Nusu_Saa:
Mnachanganya vitu viwili. Dhamana inahusu mashine iliyoharibika yenyewe. Iliyoangushwa, iliyomwagiwa maji, iliyopigwa na pedi, hiyo ni bima ya ajali, na ni bidhaa nyingine hata kama inauzwa kaunta ileile. Mkuu, kijana wa miaka 9 si kasoro ya kiwandani. Kama unayemuogopa ni yeye, hiyo karatasi haikusaidii.

Pia tazama sheria za ulipo kabla ya kulipa. Nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji anawajibika kisheria kwa kasoro kwa miaka 2, utake usitake. Mtu wa huko akilipia mwaka wa pili ananunua alichopewa bure. Na baadhi ya kadi za benki zinaongeza dhamana kwa kitu ulichokilipia kwa kadi, waulize benki yako.

Baba_Lag:
"Kijana wa miaka 9 si kasoro ya kiwandani." Hii naiweka ukutani.

Pedi_Moja:
Wakuu, nimekaa na ile karatasi usiku huu na simu imewashwa tochi. Nimetoka na haya.

"Miaka 3" inahesabiwa tangu siku ya kununua. Kwa hiyo mwaka wa kwanza inalala kitanda kimoja na ya kiwandani, nalipia miwili.

Kipengele cha nne ni kama FundiSolda ndiye aliyekiandika: kuanguka, maji, umeme, vumbi, wadudu, "matundu ya kuunganishia". Pedi ziko chini yake, "vifaa vya ziada havihusiki". Kumbe "kila kitu" ilikuwa na mkia mrefu.

Kipengele cha saba kinasema wao ndio wanaochagua: kutengeneza, kubadilisha au kukulipa, na wakilipa ni "thamani ya mashine kwa wakati huo". Mashine ya miaka miwili na nusu thamani yake nani anaipanga? Hawajaandika.

Ila kuna jambo muuzaji hakulitamka. Dhamana inaweza kununuliwa hadi siku 30 baada ya mashine. Yeye alinibana kama vile mlango unafungwa kesho.

FundiSolda:
Basi umeshapona. Chukua mashine, siku 30 itese. Cheza gemu nzito saa nne mfululizo, usikilize feni. Weka diski, itoe, rudia. Jaribu kila tundu la USB. Iache ipakue gemu kubwa usiku. Iweke kwenye hali ya kupumzika, iamshe asubuhi. Ikikuonyesha dalili mbaya, irudishe kwa dhamana ya bure, usitoe hata senti. Ikinyamaza, hela ya dhamana iweke pembeni kwa jina lake. Kumsafishia mtu vumbi au kumbadilishia tundu la HDMI hakufikii bei ya mashine hata kidogo.

Na waya wa HDMI ukishauchomeka, usiuguse tena. Ukitaka kuhamisha mashine, chomoa upande wa TV.

Da_Zuu:
Mimi bado ningelipia kama ikifa sina pa kushika. Mwenzangu uko hivyo?

Pedi_Moja:
Swali zuri dada. Hapana, nitaumia ila sitakwama. Nikingoja miezi kadhaa nanunua nyingine. Nadhani hapo ndipo tunapotofautiana mimi na wewe, si kwamba mmoja wetu kakosea.

Pedi_Moja:
Mrejesho. Nimeichukua leo bila ya nyongeza. Namba ya mashine nimeilinganisha na ya kwenye boksi mbele ya muuzaji, risiti nimeipiga picha kabla sijatoka mlangoni. Sehemu ya hela nimenunulia kizuizi cha umeme kupanda, iliyobaki nimeitenga. Muuzaji akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia si umesema ni chuma.

Baba_Lag:
Na mdogo wako?

Pedi_Moja:
Nimemkalisha chini nikamweleza kwamba pedi ikitupwa, dhamana haihusu. Akaniuliza, "Kwani inahusu nini?" Nikabaki namtazama tu.