Kabla ya Kobe, Daktari

Rehema: Shikamooni nyote. Jumamosi naenda kumchukua kobe wangu! Sanduku tayari, taa tayari 🐢

Mjomba: Marahaba mwanangu, hongera.

Shangazi: Marahaba. Daktari wake umeshampata?

Rehema: Bado shangazi. Akiugua si nitampeleka kwa yule anayemtibu paka wetu?

Shangazi: Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Kobe wangu alipata minyoo, nikampeleka kwa daktari wa mbwa na ng'ombe. Mtu mpole kweli. Akamdunga ivermectini. Kesho yake nikamkuta shingo iko nje, nikamgusa pua, hakurudisha kichwa. Miguu imelegea kama kitambaa kilicholowa. Siku ya tatu akanifia mikononi.

Mama Asha: Pole sana wifi. Hiyo si ndiyo dawa ya minyoo ya ng'ombe?

Shangazi: Ndiyo, na ng'ombe inamfaa. Kobe inampooza. Daktari aliyezoea reptilia, yaani wanyama kama kobe, mijusi na nyoka, hilo analijua hata umwamshe usiku wa manane.

Mjomba: Rehema, piga simu kabla hujaenda. Muulize ametibu kobe wangapi mwaka huu, na minyoo yao anaitibu kwa dawa gani. Akikujibu "mlete tu tutaona", muage kwa heshima.

Idi: Kuna chama cha kimataifa cha madaktari wa reptilia na amfibia (vyura na wenzao), kinaitwa ARAV. Kwenye tovuti yao unaweza kutafuta wanachama. Mimi nilianzia hapo nilipotaka mjusi. Maswali ya mjomba uliza vilevile.

Rehema: Lakini kobe mwenyewe mzima, nimemwona anakula vizuri.

Shangazi: Hawa huficha ugonjwa mwanangu. Ukija kuona dalili, mara nyingi ameshaumwa wiki kadhaa. Mpeleke akiwa mzima hivyohivyo, apimwe uzito, kinyesi kiangaliwe, gamba libonyezwe kama ni gumu. Na uulizie taa. Miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo taa ya kobe huitoa, hupungua huku taa inawaka kama kawaida, na bila miale hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa.

Rehema: Asante shangazi. Ngoja nipige.

Rehema: Nimepiga kwa wawili. Wa kwanza kasema mlete tu. Wa pili kabla hata sijauliza kitu kaniuliza taa ni ya aina gani na sanduku lina joto kiasi gani.

Shangazi: Huyo wa pili.

Rehema: Ana nafasi Jumatano ijayo. Namwambia mwenye kobe anitunzie mpaka nionane na daktari.