The Eleventh Hour, Breaking Point au The Psychiatrist: nianze na ipi?

Mzee_wa_Runinga: Wakuu, nimenogewa na tamthilia za zamani za Kimarekani za daktari wa magonjwa ya akili na wagonjwa wake. Nimebaki na tatu: The Eleventh Hour (NBC, 1962–64), Breaking Point (ABC, 1963–64) na The Psychiatrist (NBC, 1970–71). Muda wangu ni usiku watoto wakishalala, kwa hiyo nipeni moja tu.

bintiPangani: Eleventh Hour, hakuna mjadala. Dk. Bassett, anayeigizwa na Wendell Corey, anaitwa aseme kama mshtakiwa ana akili timamu au la. Kuna roho ya mtu inasubiri jibu lake! Msimu wa pili Corey hayupo, kaja Ralph Bellamy kama Dk. Starke. Muigizaji mzuri, ila mimi nilikuwa nimeshamzoea yule wa kwanza.

Kobe_Mpole: Dada, ile ina sehemu 62. Mzee wa watu atamaliza lini? Breaking Point ni 30 tu, na imetoka jikoni kwa waliotengeneza ile tamthilia ya hospitali, Ben Casey, yaani kampuni ya Bing Crosby. Ndani yake utamkuta Robert Redford akiwa bado kijana.

NesiWaUsiku: Natoka kwenye kazi yenyewe, niko wodi ya akili mwaka wa tisa. Hizo mbili za miaka ya 60 zina ugonjwa mmoja: mgonjwa anabanwa maswali, analia, anakumbuka ya utotoni, kapona. Kwetu mtu anaweza kukaa wiki nzima anatazama ukuta, na siku anayosema "nesi, chai ya leo haina sukari" tunafurahi kama harusi.

Ndiyo maana nasema The Psychiatrist. Dk. Whitman (Roy Thinnes) haponyi kila mtu. Tafuta "Par for the Course", aliyoiongoza Spielberg kabla hajawa Spielberg. Clu Gulager ni mchezaji wa gofu anayekufa kwa saratani. Rafiki zake wamekwenda uwanjani na koleo, wamelichimba shimo la 18, lile la mwisho la mchezo, wanamletea hospitalini pamoja na udongo wake na bendera. Jamaa anaushika ule udongo, anaukamua mikononi, unammwagikia mwilini. Hakuna nasaha za daktari pale. Niliirudisha nyuma mara tatu.

Kobe_Mpole: Lakini sehemu sita tu, mkuu! Ilipangwa kuonyeshwa kwa zamu na tamthilia nyingine kama McCloud na Night Gallery, ikaishia hapo. Unaanza kunogewa, sahani imeondolewa.

bintiPangani: Nesi, hiyo ya gofu nakubali. Ila mahakama yangu siiachi.

Mzee_wa_Runinga: Sita zinanitosha kwa wiki moja. Naanza leo na hiyo ya shimo la 18. bintiPangani usinune, wa kwako Bassett anafuata, msimu wa kwanza tu.

bintiPangani: Sijanuna. Ukifika kwa Bellamy uniite.