Orvieto, Gubbio au San Gimignano? Nataka mji wa zamani uliotulia

Mzururaji_TZ: Wadau habari zenu. Mwezi wa kumi ntakuwa Roma kikazi, nikimaliza nina siku chache za kwangu. Nataka kamji ka zamani, makanisa, michoro ya karne za kati, ila kuwe kumetulia. Sina gari. Mnashauri wapi kati ya hiyo mitatu?

BiKidawa: Huna gari? Orvieto basi, usiumize kichwa. Treni toka Termini, stesheni kuu ya Roma, ni kama saa na robo hivi, nje ya stesheni unapanda kile kitreni cha kamba kinakupeleka mpaka juu maana mji wote umekaa juu ya jabali. Kanisa kuu walianza kulijenga 1290, na watu wote wanapiga picha zile mozaiki za dhahabu za juu, ambazo nyingi zilishafanywa upya, wewe shusha macho kwenye nakshi za mawe pale chini, kuanzia kuumbwa kwa Adamu mpaka siku ya kiyama, wenye dhambi wanavyoburuzwa jamani! Mi nilisahau hata kula.

fundi_lipu: Dada Kidawa sawa, ila Orvieto mchana imejaa watu wa kwenda na kurudi Roma. Gubbio haina stesheni, unashukia Fossato di Vico unatafuta basi, na ndo maana kumetulia. Ile Palazzo dei Consoli, jumba la karne ya 14, ndani ina vibao saba vya shaba vya lugha ya Kiumbria, iliyokufa zamani sana. Halafu kuna vikapu vya chuma vya kupandia mlimani kwenye kanisa la Mtakatifu Ubaldo, unadandia huku kinatembea, hakikusubiri. Mwezi wa kumi poa, ungesema tarehe 15 Mei ningekukataza, siku hiyo wanakimbiza Ceri, ile minara ya mbao inayobebwa mabegani, mji mzima uko barabarani.

Kaka_Mjuba: Nyie San Gimignano mmeiruka tu? Minara imebaki 14, inasemekana ilikuwa 72, matajiri wakishindana nani kajenga juu zaidi. Na pale Collegiata, kanisa kubwa la mji, ukuta mzima ni Agano la Kale lililochorwa na Bartolo di Fredi, 1367. Kweli mchana ni kama Kariakoo, ila lala hukohuko, jioni mabasi ya watalii yakishaondoka utasikia viatu vyako mwenyewe. Basi unalipandia Poggibonsi, mji wa jirani wenye stesheni.

Mzururaji_TZ: Kaka hiyo ya kulala imenigusa. Ila kutoka Roma si mbali?

Kaka_Mjuba: Mbali mkuu, mara nyingi unapitia Firenze kwanza. Kwa siku chache labda Orvieto ulale, hapo nakubaliana na Bi Kidawa.

BiKidawa: 😂 Afadhali. Basi kile kisima cha San Patrizio nenda asubuhi, ngazi 248, za kushukia mbali za kupandia mbali ili punda wa maji wasikutane njiani. Ni cha miaka ya 1500 sio karne za kati, lakini usikiache. Vaa raba, na sweta, chini kuna baridi.