Ramani zetu za kale: zihamie Mji Mkongwe au tuzijengee nyumba mpya?

MWANZISHA MADA: Asalaam aleikum. Hapa Unguja kila jumba la kale likibaki tupu, mtu husema liwe nyumba ya nyaraka. Kwa ramani mimi napinga. Boriti za mikoko hazifiki mbali, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, mita tatu hivi. Karatasi ya A0 ni sentimita 84 kwa 119, na inataka ilale, isikunjwe. Kabati lake linakula karibu mita moja, droo ikivutwa mita nyingine. Mtu asimame wapi? Chumba kizima safu moja ya makabati! Na kila moja likijaa ni mamia ya kilo juu ya boriti zilizochoka. Beit el Ajaib, jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, tuliliona sehemu yake ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tujenge jipya, nje ya mji, lifungwe vizuri, viyoyozi saa 24.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Sheikh wangu, kwenye mita tatu umenishika. Lakini viyoyozi saa 24? Umesahau Desemba 2009? Umeme wa kutoka bara ulikatika, kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Sanduku la saruji lisilopumua hugeuka tanuri siku ile ile, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kuvu haingoji fundi. Waliojenga kwa mawe na chokaa hawakuwa na jenereta. Tupige ukuta mara mbili wenye hewa katikati, paa juu ya paa, baraza pande zote. Ramani ziwe ghorofa ya kati: chini kuna mafuriko na mchwa, juu kuna jua na paa linalovuja. Kiyoyozi kisaidie tu.

MCHANGIAJI WA PILI: Zipigwe skani zote, yaishe.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mzee mwenye kesi ya mpaka wa shamba la eka tatu umwoneshe simu? Anataka karatasi itandikwe mezani, aweke kidole.

MWANZISHA MADA: Haya, baraza na ukuta mara mbili nakubali, nje ya mji siachi. Ila una deni. Ramani iko ghorofani, mzee yuko chini na magoti yake, umeme hakuna, lifti imekufa. Inashukaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Ngazi pana, isiyo na kona. Watu wawili, karatasi imelazwa juu ya ubao. Ngazi hiyo ningeichora kabla ya chochote.