Tupeane uzoefu: Krismasi kwenu Uganda ilikuwaje, na siku hizi ikoje?

Wakuu, salaam kutoka Kampala. Maduka ya mjini yanawaka taa tangu Novemba, huku jirani yangu mlokole ameacha kabisa kusherehekea, eti tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia. Mwaka jana alikula pilau kwangu mpaka akalegeza mkanda! Mimi Mkatoliki, sina ugomvi naye. Leteni visa vyenu wenyewe. Aya wekeni akiba, tusije tukafungiwa uzi.

Mnubi wa Bombo:
Sisi Waislamu, lakini Krismasi ilikuwa na kazi kwetu. Tarehe 24 marehemu baba alikuwa anaitwa nyumba kwa nyumba kuchinja kuku na mbuzi wa majirani Wakristo, kusudi Mwislamu atakayepita kesho yake asikwepe sahani. Kisu chake alikinoa usiku kwenye jiwe la uani, na ujira wake ulikuwa shingo ya mbuzi. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia mwishoni mwa Ramadhani. Mama wa jirani akatufunikia luwombo ya kuku kwenye majani yake ya mgomba, akaileta magharibi tukafuturu nayo. Idd ilipoandama siku chache baadaye, sinia likarudi kwake limejaa. Sasa hivi shehe kijana anatuambia hata kumtakia mtu Krismasi njema ni haramu. Nimemsikiliza kwa adabu. Kuchinja nachinja bado.

Mzee wa Jinja:
Vijana, 1977 mlikuwa wapi? Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Mwaka huohuo Amin akapiga marufuku madhehebu mengi, wakaachwa Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu. Sisi Wapentekoste Krismasi ile tulisali sebuleni kwa shangazi, redio ikiunguruma dirishani ili nyimbo zisitoke nje. Mtoto akicheka, anafinywa. Leo kanisa la mtaani kwangu limefunga spika juu ya paa, zote zinatazama chumba changu cha kulala, mkesha mpaka alfajiri. Namshukuru Mungu kwa uhuru. Ila usingizi nao kauumba Yeye.

Mama Kasese:
😂 Mzee, pole. Kwetu mti wa Krismasi ulikuwa tawi la msipresi kwenye kopo la mchanga, tumelibandika pamba kama theluji. Pamba yenyewe ya shambani kwa babu! Na theluji ya kweli iko juu ya Rwenzori, asubuhi pasipo mawingu unaiona ukiwa uani. Hakuna aliyeshangaa. Sasa binti yangu ameokoka, hataki mti ndani, anasema ni upagani. Gauni jipya la Krismasi lakini anataka. Banange!

Dada wa Duka:
Mimi Mwislamu, nauza duka la nguo Kampala, mwajiri simtaji. Desemba iliyopita wafanyakazi wote tuliambiwa tuvae kofia nyekundu ya Father Christmas. Niliivaa juu ya hijabu, wateja wakawa wananipiga picha bila kuniomba. Kofia haikuniuma sana, kwetu Krismasi tunaenda kula kwa mama mkubwa kila mwaka. Kilichoniuma ni kwamba Idd ya mwaka huohuo niliomba ruhusa nikaambiwa duka halifungwi, na Idd ni sikukuu ya kitaifa nchi hii.

Mleta mada:
Dada, pole sana. Hilo ndilo nililotaka tuseme: mapambo yameongezeka kila kona, lakini zamani majirani walijua nani anakula nini, wakamtafuta mchinjaji kabla ya kutafuta taa. Mnubi, nikikuletea mbuzi wangu tarehe 24 utanichinjia?

Mnubi wa Bombo:
Lete mapema, saa mbili asubuhi foleni inakuwa ndefu. Shingo ni yangu.

Dereva wa Kabale:
Nyie chinjaneni tu. Wa kusafiri kwenda kijijini nunueni tiketi wiki hii, tarehe 23 nauli ikishapanda msiniite shetani.