Mabaharia wetu wawili wanalewa bahari kila tunapovuka kwenda Pemba: naomba ushauri

Serahangi: Assalamu alaykum wakubwa. Mimi ni msaidizi wa nahodha katika jahazi la mabaharia sita linalovuka kutoka Tanga kwenda Mkoani. Tangu kusi lianze kuvuma, vijana wetu wawili wapya wanalewa bahari kila safari. Juzi mmoja alipanda kutoka ngamani, chini kabisa ya chombo, alikokuwa akifua maji, uso umemsawijika na jasho jembamba likimtoka, akatapika mpaka ikabaki nyongo tupu, kisha akajilaza penye mlingoti, asiweze hata kusogea tulipokuwa tukibisha, yaani tukigeuza chombo kuukabili upepo, na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikipitishwa upande wa pili. Nachelea atakuja kuanguka majini. Wenzangu wanasema atazoea tu. Je, tungoje?

Mzee wa Tezini: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mgeni wa bahari hapewi kazi ya ngamani. Kule chini macho yanaona mbao zilizotulia, ilhali sikio la ndani linahisi chombo kikipanda na kushuka, na kupingana huko ndiko kunakoleta kigegezi. Harufu ya maji ya ngama huzidisha. Mweke katikati ya chombo au karibu na tezi, yaani nyuma, maana omo, yaani mbele, ndiyo inayorushwa zaidi, umpe kana, mkono wa usukani, ashike huku akitazama upeo wa macho. Mshika usukani halewi upesi, kwa kuwa mwili wake unajitayarisha kabla wimbi halijafika. Kuhusu kuzoea, wengi huzoea baada ya siku mbili tatu za kukaa baharini mfululizo. Nyinyi mnavuka kwa saa chache tu kisha mnatia nanga, basi vijana hao watazoea lini? Tena wapo wasiozoea kabisa: Nelson, amirali wa Uingereza, aliandika mwaka 1804 kwamba bado aliugua kila upepo ulipokuwa mkali, naye alikuwa baharini tangu utotoni.

Mfamasia: Naongezea la dawa. Sinarizini, dawa ya kuzuia kulewa bahari, kwa mtu mzima ni miligramu 30, muda wa saa mbili kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu akishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Dawa hizi husinzisha, na prometazini, dawa nyingine ya aina hiyo, husinzisha zaidi, kwa hiyo ajaribu kwanza siku ya mapumziko nchi kavu, na aliyesinzia asipande mlingoti wala asiachiwe usukani. Mwenye maradhi mengine aulize kwanza dukani. Asisafiri na tumbo tupu. Uji mwepesi au mkate mkavu unatosha. Akitapika, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, funda moja moja.

Serahangi: Ahsanteni sana. Na anapotapika, aende upande gani?

Mzee wa Tezini: Demani, upande upepo unakoelekea, ili upepo usimrudishie, lakini bahari ikichafuka asiinamie ubavuni hata kidogo. Mpeni ndoo, akae chini, afungwe kamba kiunoni, na mwenzake akae naye.