MJADALA: Gari iliyobadilishwa injini ipigwe marufuku au itambuliwe kisheria?

Wakuu habari za muda huu. Huu ubishi unarudi kila ikitokea ajali ya gari iliyochezewa, watu wanasema serikali ipige marufuku kabisa mambo ya kuswap injini (kutoa ya gari na kuweka nyingine), kuchomelea chasisi na kufunga turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu), na vijana wa gereji nao wanakuja juu, gari yangu hela yangu inakuhusu nini. Mimi naona pande zote mbili zinabishania injini wakati injini ndo kitu cha mwisho cha kuogopa. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Tuchukue gari ambayo wengi mnaijua, Toyota Mark II GX100. Inakuja na injini ya 1G-FE, lita 2, silinda sita, injini ya mtu mzima aliyetulia. Ndugu yake JZX100 Tourer V ana bodi hiyohiyo ila kapewa 1JZ-GTE, lita 2.5 yenye turbo, farasi 280 kwa karatasi za kiwandani. Sasa kwa kuwa bodi ni moja kijana anaenda Gerezani pale Dar, au kama yuko Nairobi anashuka Kirinyaga Road, anatafuta nozikati, yaani kile kipande cha mbele cha gari lililokatwa huko nje kikaja na injini, giaboksi, waya na kontroo boksi yake, anampelekea fundi anayeijua kazi. Na Wakenya wana sababu ya ziada, kwao gari iliyozidi miaka 8 haiingii nchini, na hizo JZX100 zilianza kutoka 1996 zikaisha 2001, kwa hiyo hata uwe na hela Tourer V hauipati bandarini, labda uijenge. Wanaotaka marufuku wakumbuke marufuku nyingine ndo iliyozaa hii biashara.

Haya, hatari iko wapi? Tourer V ilitoka kiwandani na breki kubwa kuliko za GX, maana walioiweka ile injini walijua wanachofanya. Kijana wetu kaongeza nguvu karibu mara mbili halafu diski ni zilezile na pedi ya bei ya chini. Hesabu yake haina huruma, ukitoka spidi 60 ukafika 120 nishati ambayo breki inatakiwa kuimeza haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne. Unakanyaga mara ya kwanza inashika, ya pili inashika kidogo, ya tatu pedali inazama mpaka chini maana mafuta ya breki yamechemka yametengeneza mvuke ndani ya mpira. Hapo kosa la 1JZ ni lipi?

Na vile vya kutengeneza wenyewe mtaani ndo balaa lilipojificha. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, imekatwa ikaungwa kwa kuchomelea, haijafanyiwa balansi, kwenye mwendo mdogo hauoni kitu ila ukifungua gari inatetemeka mpaka krosi, kile kiungo chake, inakatika. Springi zimekatwa kwa grainda ili gari ilale chini, ukiruka tuta springi inacheza kwenye kikombe chake. Shafti ya stering imechomelewa kwa makadirio ya jicho, hii mimi nikiiona sipandi hiyo gari hata kwa lifti. Halafu mafuta, gari la zamani la kabureta pampu yake inasukuma presha ndogo haifiki hata bar moja, ukiweka injini ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa umeme) inataka karibu bar 3, sasa mtu anaacha mipira ileile imekauka, kibano cha waya, na inapita pembeni ya turbo yenye moto mkali. Gari ikiwaka watu wanasema swap ni mbaya, kumbe aliyeunguza ni mpira wa shilingi elfu chache.

Uingereza kwa miaka mingi walikuwa na mfumo wa pointi wa kuamua gari iliyobadilishwa bado ni gari ileile au imekuwa nyingine. Chasisi au bodi pointi 5, saspensheni 2, ekseli 2, giaboksi 2, stering 2, na injini 1 tu. Moja kati ya 14! Ujerumani nao ukibadilisha kitu cha maana unaenda kwa wakaguzi kama TÜV, kikipita kinaandikwa kwenye karatasi za gari, ukisimamishwa unaonyesha yameisha. Kwetu Tanzania je? Kadi ina namba ya chasisi na namba ya injini, ukibadilisha injini unatakiwa kwenda TRA kadi irekebishwe, Kenya ni NTSA, mamlaka yao ya usafiri, na ukaguzi juu. Vizuri, lakini macho yote yako kwenye namba. Namba inaweza kuwa safi kabisa kwenye kadi na breki ikawa ya kukupeleka kaburini.

Kuna hoja ya wizi, kwamba swap ndo njia ya kupoteza gari za watu. Hii naiheshimu, injini isiyo na karatasi ya forodha au risiti ya muuzaji isifungwe popote, hapo sina huruma. Ila ukipiga marufuku yule mwizi hajali, anayeumia ni mwenye Toyota IST ya teksi ya Bolt ambaye injini yake ya 1NZ imekufa akanunua 1NZ nyingine ya Dubai akafunga akarudi barabarani kutafuta ugali. Huyo naye kabadilisha injini. Nyie mnaosema marufuku kabisa mmemfikiria? Kwangu mimi injini ya aina ileile iishie kwenye kurekebisha kadi, basi, asisumbuliwe.

Ila ukipanda kutoka 1G kwenda 1JZ, au ukiweka 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, kwenye Land Rover Defender, hapo gari ipandishwe juu, mtu mwenye utaalamu aangalie breki, stering, njia ya mafuta na kila mahali palipochomelewa, na fundi aliyefanya aandike jina lake na sahihi yake. Najua hapa mafundi wengi mtanikasirikia. Lakini fundi anayejiamini anaogopa nini kuandika jina? Na wenye magari, bima yako umewaambia kuwa ndani kuna injini nyingine? Kama haujawaambia wana haki ya kukataa kukulipa siku ukigonga, na stika ya bima umebandika kwenye kioo inang'aa.

Wengine watasema mafundi wetu hawawezi kazi ya chasisi, tuwaachie Wajapani. Nendeni Arusha. Zile Land Cruiser za safari ndefu ndefu, zenye paa la kuinuka na milango ya ziada, Toyota hawakuzitoa hivyo, chasisi imekatwa na kurefushwa kwenye karakana za hapahapa na za Nairobi, zinapiga makorongo ya Serengeti kila siku zikiwa zimejaa wageni. Kenya matatu kubwa nyingi ni chasisi ya lori la Isuzu iliyojengewa bodi mtaani, na wakaziwekea kiwango chake kabisa, KS 372, bodi ijengwe vipi. Kwa hiyo kuweka kanuni kwenye kazi ya kuchomelea inawezekana, na watu wanaiweza.

Upande wa marufuku naomba mnijibu hilo moja tu: sheria yenu ikipita, hizo Land Cruiser za Arusha mnazipeleka wapi?